Bei Zinalingana, Simu Mbili: Nibebe Ipi?

Maswali ya mwezi huu yamekuja kama yamekubaliana njiani. Watu tofauti, kila mtu na hela yake, wote wamekwama mbele ya kabati lile lile la kioo: upande huu simu ya daraja la kati mpya kwenye boksi, upande ule flagshipi, yani ile simu kinara ya kampuni, ya miaka miwili mitatu nyuma, bei zinakaribia kugusana na muuzaji anasema zote nzuri. Mengine nimeyafupisha, samahanini, kuna mmoja alianza na historia ya simu yake ya kwanza yenye vitufe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Hela niliyonayo inatosha Galaxy A56 mpya kabisa, ila kwa hela hiyo hiyo nimeonyeshwa Galaxy S23 iliyotumika, safi haina hata mkwaruzo. Washkaji wananicheka wanasema S ni S na A ni A hakuna mjadala. Mimi napiga sana picha za mwanangu, ana miaka mitatu na hatulii hata sekunde, alafu napenda kukaa na simu muda mrefu, hii niliyonayo ina miaka mitano. Nibebe ipi? – Baba Asiyepumzika

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Washkaji zako hawajakosea, ila wamesoma ukurasa mmoja wakafunga kitabu.

Tuanze na huyo mtoto maana ndiye mwenye kesi. Mtoto anayekimbia ndani ya nyumba jioni, taa moja ya dari, hapo ndipo simu ya kati inapoumbuka. Unabonyeza, simu inafikiria kidogo, ikija kupiga mtoto keshaondoka umebaki na kiwiko na kochi. Mdogo wangu ana simu ya daraja la kati, picha kumi za mwanae akiruka tatu ni za kochi tupu, sikutanii, nimezihesabu. Flagshipi inakuwa imeshaanza kukusanya picha kabla hujabonyeza, na prosesa yake, yani ubongo wa simu, inazichakata haraka kiasi kwamba unabonyeza tena na tena haigandi. S23 ina Snapdragon 8 Gen 2, chipu iliyokuwa juu kabisa upande wa Android mwaka 2023, na ina lensi ya tatu inayovuta mara 3 kweli kweli, kwa kioo, sio kukata picha alafu kuikuza. A56 haina hiyo lensi, ya tatu yake ni ya kupigia vitu vya karibu karibu, megapikseli 5, utaitumia siku ya kwanza kupiga picha ya kitufe cha shati alafu basi.

Sasa ukurasa wa pili. S23 ilitoka Februari 2023 ikiwa na Android 13 na ikaahidiwa matoleo manne mbele, kwahiyo mwisho wake ni Android 17, na apdeti za usalama miaka 5, inafika mapema 2028 basi. A56 imetoka Machi 2025 na Android 15, imeahidiwa matoleo sita na miaka 6 ya usalama, hiyo inakupeleka mpaka 2031. Watu wengi wanauliza simu imetoka lini, wakati swali lenye faida ni imebakiza nini. Apdeti zikikatika simu haifi, utapiga na utapokea kama kawaida, ila matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena, na taratibu programu za benki zinaanza kukuambia mfumo wako umepitwa na wakati. Wewe unayekaa na simu miaka mitano hiyo sio habari ndogo.

Alafu betri. S23 ilitoka kiwandani na mAh 3900 kwa sababu ni simu ndogo ya inchi 6.1, na hiyo unayoonyeshwa mwenzako keshaichaji usiku mwingi kabla yako. A56 ina 5000 mpya kabisa na inachaji kwa wati 45, S23 inaishia 25. Kwahiyo ukichukua S23 bei yake halisi ni ile uliyotajiwa PLUS betri mpya na mkono wa fundi, hii watu hawaiweki kwenye hesabu alafu baadae wanasema flagshipi hazikai na chaji.

Mi ningekuwa wewe, mtoto ana miaka mitatu sasa hivi, hatakuwa na mitatu tena, ningebeba S23, natenga hela ya betri, na najua kabisa 2028 natafuta nyingine. Lakini kama ile miaka mitano ni kwa sababu hela ya simu haiji mara mbili, beba A56 bila kujisikia vibaya, mtoto mpige picha mchana karibu na dirisha au nje kabisa, mwanga ukiwa mwingi ile tofauti niliyokupigia kelele inapungua sana. Nikimaliza, ukiamua S23 tafuta ya 256GB. Ya 128 inatumia memori ya UFS 3.1 na ya 256 ni UFS 4.0 iliyo na kasi zaidi, na S23 haina sehemu ya kadi ya memori kwahiyo nafasi ikijaa imejaa. A56 nayo haina, wamekuja kuitoa, A55 ilikuwa nayo.

SWALI: Mimi nimeshaamua flagshipi iliyotumika, usinibadilishe mawazo. Niambie tu nikienda kuikagua nifanye nini maana naogopa kupigwa. – Nimeshaamua

JIBU: Sikubadilishi. Nianze na aibu yangu ili ujue hata sisi tunapigwa.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua flagshipi iliyotumika, kioo kinang'aa kama kimelambwa, muuzaji akaniapia betri bado mpya. Wiki ya pili ikifika asilimia 24 inazima, pu, ukiiwasha inasema 3. Nikaipeleka kwa mwenzangu anayeshughulika na hizo zaidi yangu, akaipasha joto mgongo akaufungua taratibu, akaniita niangalie mwenyewe: betri haina maandishi ya maana, gundi imepakwa kwa kidole mpaka alama ya kidole inaonekana, na ule mpira mwembamba unaozunguka ukingo kuzuia maji umekatika sehemu mbili na mtu hakuhangaika kuweka mwingine. Kwahiyo ile IP68 ya kwenye boksi, yani alama ya kuzuia vumbi na maji, ilishaondoka na mwenye simu wa kwanza. Ndio maana nawaambiaga, simu iliyotumika hata iandikwe nini usiiogeshe.

Sasa wewe ukifika, kwanza nenda mchana, nenda na laini yako, chaja yako na earphone kama unazo. Piga *#06# IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu, itokee kwenye kioo, ilinganishe na ya kwenye boksi, isipolingana uliza boksi la nani. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna akaunti ya mtu, na mwambie muuzaji aifute yote mbele yako mpaka iwake upya kabisa ikuulize lugha, ikikuomba neno la siri la akaunti ya zamani rudisha, usikubali "ntakutumia jioni". Hiyo ndio sehemu moja ambayo hakuna fundi wa kukuokoa kirahisi, iwe ya Google au ya Apple.

Kioo sasa. Fungua picha ya kijivu tupu ijaze kioo chote, shusha mwanga mpaka chini, angalia kama kuna kivuli cha vitufe au cha kibodi kimebaki pale chini, vioo vya AMOLED vinachomeka hivyo vikitumika sana. Alafu shika aikoni moja ya programu, iburute bila kuachia, ipitishe kioo kizima kama unapiga deki, mstari kwa mstari, sehemu itakapokuponyoka na kurudi mahali pake hapo kioo hakisikii. Kama ni Samsung piga *#0*# menyu ya majaribio itafunguka yenyewe, pima rangi, spika, mtetemo, vyote.

Piga simu ya kweli, ongea, usiweke spika. Ukiweka sikioni kioo kizime, ukitoa kiwake. Rekodi video ya nusu dakika huku unatembea alafu isikilize, watu wanapima kamera wanasahau maiki. Badilisha lensi zote moja moja ukiwa kwenye video na usikilize kama kuna kitu kinagonga gonga ndani. Chomeka chaja dakika kumi uone inapanda au inajidai inapanda, na shika mgongo wake, uvuguvugu sawa, moto hapana.

iPhone wameturahisishia, kwenye mipangilio sehemu ya betri inakuonyesha uwezo uliobaki kwa asilimia, na kwenye maelezo ya simu inakuambia kama kioo au betri vilibadilishwa. Apple wenyewe wanasema iPhone 14 kurudi nyuma betri imetengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, kuanzia iPhone 15 ni 1000. Mzunguko mmoja sio kuchomeka mara moja, ni asilimia mia kwa jumla, leo ukila 50 na kesho 50 huo ni mmoja. Ukiona simu ya miaka minne inasema asilimia 100 usishangilie, uliza nani kaibadilisha hiyo betri.

Na muuzaji akianza kukuharakisha, kuna mteja mwingine anakuja, sijui simu ni ya mwisho, mwache huyo mteja ainunue.

SWALI: Simu mbili bei sawa. Moja kamera megapikseli 200, nyingine 50 tu. Si jibu liko wazi? – Macho Manne

JIBU: Liko wazi ila sio unakodhani. Ile ya 200 ukibonyeza kawaida haikupi 200, inachanganya vidoa 16 kuwa kimoja inakutolea picha ya megapikseli 12.5. Ile ya 50 inachanganya 4 kuwa kimoja, inakutolea... 12.5. Mmekutana sehemu moja. Cha kuangalia ni ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga, na kama kamera kuu ina OIS, yani lensi inajisawazisha yenyewe mkono ukitetemeka, hiyo usiku utaiombea dua njema. Na zile kamera nyingine za megapikseli 2 zilizopangwa mgongoni zifike nne, nyingi ni za kujaza safu tu. Omba upige picha moja ya mtu ndani ya duka mbali na mlango, kwa simu zote mbili, zitazame kubwa. Utajibiwa hapo hapo.

SWALI: Mambo bro. Mi mwanafunzi, nacheza gemu kinoma, nimebaki na Poco F6 na Pixel 8a, zote ninazopata ni mpya na bei karibu moja. Kila video ninayoangalia inasema kitu chake, nimechoka. – Dogo wa Gemu

JIBU: Poa mdogo wangu. Hii ni nzuri kwa sababu zote mbili zilitoka Mei 2024, kwahiyo umri hautusumbui, tunaongelea hela imeenda wapi. Hiyo sentensi iweke kichwani ukienda dukani, maana kampuni ina bajeti kama wewe, ikimwaga hela kwenye prosesa kuna mahali imebana.

Huu mtindo wa kuchukua injini kali na kuiweka kwenye bodi ya bei nafuu sio mgeni. OnePlus walikuja na simu yao ya kwanza 2014 wakijitapa wanakuja kuua flagshipi, alafu 2018 Poco F1 ikatoka na Snapdragon 845, prosesa ile ile ya flagshipi za mwaka huo, ila mgongo plastiki na NFC, ile ya kulipia kwa kugusisha simu, hakuna. Watu walipanga foleni, na walikuwa na haki, kwa gemu haikuwa na mpinzani wa bei ile.

F6 ni mjukuu wa hiyo tabia. Snapdragon 8s Gen 3, chaji ya wati 90 kwahiyo unaenda kuoga ukirudi imeshafika mbali, betri 5000. Kwa gemu, dogo, Pixel 8a haigusi hapo, prosesa yake, Tensor G3, haijatengenezwa kwa ajili ya kushindana fremu, yani picha ngapi gemu linaonyesha kwa sekunde, na ukiibana muda mrefu inapata joto inaanza kupunguza mwendo. Chaji yake wati 18, utaisubiri.

Lakini Pixel 8a ina IP67, F6 ni IP64, yani F6 inavumilia manyunyu, sio kudumbukia. Pixel imeahidiwa miaka 7 ya apdeti, inafika 2031, F6 matoleo matatu ya Android. Na kamera ya Pixel, hasa nyuso za watu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, Google walikaa chini wakalifanyia kazi hilo tangu Pixel 6 ya 2021, inaonekana. Picha haikugeuzi rangi ya majivu.

We umeniambia gemu, na umesema kinoma, beba F6. Chaja yake ilinde kama kitambulisho, ukiipoteza ukachomeka ya kawaida ile wati 90 huioni tena. Ungeniambia unapiga picha za watu na unataka ikuvushe chuo mpaka kazini ningekupa jibu la pili.

SWALI: Nataka kumnunulia mama simu. Dada yangu anasema iPhone XR iliyotumika ili mama naye apendeze, mimi naona Android mpya ya bei ya chini. Bei ni hiyo hiyo. Tumegombana kidogo. – Kaka Mtu

JIBU: Msalimie mama, mwambie shikamoo. Dada msamehe, nia yake nzuri.

XR ilikuwa simu nzuri sana, ilitoka 2018, na Apple wameipa apdeti mpaka iOS 18. Ila Septemba 2025 ilipokuja iOS 26 wakaiacha. Miaka saba, sio haba, lakini mama anapanda basi likiwa limefika mwisho wa safari. Haitakataa WhatsApp kesho, WhatsApp walipokata mwaka 2025 walikata simu zisizofika iOS 15.1, XR bado iko juu ya hapo. Ni suala la muda tu, na betri ya mAh 2942 iliyozeeka kwa mtu anayesahau kuchaji utapigiwa simu kila siku ya "mbona hupatikani" na asiyepatikana ni yeye.

Mfano wa upande wako, Galaxy A16 ilitoka mwishoni mwa 2024, inchi 6.7, herufi unazikuza zinaonekana bila miwani, betri 5000, na pamoja na bei yake ya chini imeahidiwa matoleo sita na miaka 6 ya usalama. Sio ya haraka, usimdanganye mtu. Ipo yenye RAM, yani memori ya kufanyia kazi, 4GB, hiyo iache dukani, ongeza kidogo uchukue ya 6 au 8, maana mama ana magrupu kumi na mbili na kila grupu lina video ya asubuhi njema. Na mwanzoni kabisa kaa naye nusu saa uzime ile kupakua video zenyewe, utanishukuru.

Kama hoja ni kupendeza, kava zuri lipo.

SWALI: Boksi limeandikwa RAM 8GB + 8GB. Ni 16? – Mhasibu

JIBU: Ni 8. Hiyo nyingine simu inakopa kwenye memori yako ya kuhifadhia picha, na memori hiyo ni ya polepole kuliko RAM yenyewe, hasa kwenye simu za bei ya chini kabisa zinazotumia eMMC, aina ya memori ya bei nafuu ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, ni kama mlango mwembamba, anayetoka anamsubiri anayeingia. Ukipata mbili za bei moja, moja "8+8" na nyingine 12 kavu, unajua cha kufanya, wewe si mhasibu.